Lugha Hailindwi kwa Kusifiwa: Funzo la Kijiji cha Dún Chaoin

Kuna namna mbili za kuiua lugha. Ya kwanza inajulikana na kila mtu: kuipiga marufuku, kuwachapa watoto wanaoizungumza, na kuwaaminisha wazazi wao kwamba ni lugha ya washamba. Ya pili haitambuliwi kwa urahisi kwa sababu huja na nderemo na vifijo. Lugha hutukuzwa katika katiba, vitabu vyake huchapishwa, huenda hata ikajengewa jumba la makumbusho, na wakati uo huo wasemaji wake huachwa bila shule, bila daktari na bila mahali pa kujenga nyumba. Namna ya kwanza huwa kazi ya mkoloni. Ya pili hufanywa na serikali za wananchi wenyewe, tena aghalabu kwa nia njema.

Katika makala haya ninakusudia kuizungumzia namna hiyo ya pili kwa kutumia mfano wa kijiji kimoja kidogo cha pwani nchini Ireland. Kijiji hicho kinaitwa Dún Chaoin. Wakazi wake ni wachache mno, lakini sisi tunaofundisha isimu hukitaja darasani mara nyingi kuliko miji mingi mikubwa ya nchi hiyo. Msomaji anaweza kuuliza: kijiji cha wavuvi na wafugaji wa kondoo huko Ulaya kinatuhusu nini sisi Wakenya? Namwomba avute subira. Kitatuhusu kabla hatujafika mwisho.

Dún Chaoin kimo katika kaunti ya Kerry, kwenye ncha ya rasi ya Corca Dhuibhne, ambayo katika ramani za Kiingereza huitwa Dingle. Hapo ndipo Ireland inapokoma upande wa magharibi. Mbele yake ni bahari ya Atlantiki hadi Amerika. Nyumba zake hazikusongamana kama za vijiji vyetu vya pwani, bali zimetawanyika chini ya mlima, kila moja na kiunga chake kilichozungushiwa ukuta wa mawe. Gati lake liko chini ya genge refu, na njia ya kulifikia ni nyembamba, yenye kupinda mara kwa mara kama nyoka anayeteremka. Kutoka hapo vilikuwa vikiondoka vyombo viitwavyo naomhóg, ambavyo hutengenezwa kwa fito nyembamba zilizovikwa turubai na kupakwa lami, kuelekea kisiwa kinachoonekana ng'ambo ya mlango wa bahari. Kisiwa hicho ni Blascaod Mór, na historia yake haiwezi kutenganishwa na ya Dún Chaoin. Watu wa kisiwani walikuja kijijini kwa ibada ya Jumapili, waliposti barua huko, waliozana na watu wa huko, na wengi wao walizikwa huko.

Urithi wa mahali hapo una matabaka mengi. Katika eneo hilo kuna jiwe lenye maandishi ya ogham, yaani hati ya mikato inayochongwa kwenye ukingo wa jiwe, ambayo ndiyo namna ya kale zaidi ya kuiandika lugha ya Kiairishi. Mwaka wa 1588, jeshi la majini la Hispania liliposhindwa na Waingereza na kutawanywa na dhoruba, jahazi la Santa María de la Rosa lilizama katika mlango huo wa bahari, na akasalimika mtu mmoja tu. Wapiga mbizi waliyapata mabaki yake mwaka wa 1968. Watu wa Dún Chaoin, kwa upande wao, hawakuhitaji kungojea wapiga mbizi. Kwa vizazi vingi walikuwa wakisimuliana habari za meli hiyo, na walikuwa wakiwaonyesha wageni mahali wanapoamini kwamba alizikwa mwana wa mfalme wa Hispania.

Lakini urithi mkubwa kuliko yote hayo ni lugha yenyewe, ambayo wenyewe huiita Gaeilge. Ili kuelewa kwa nini kijiji kidogo namna hii kilipata kuwa hazina ya taifa zima, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Kiairishi kilikuwa lugha ya wengi nchini Ireland kwa karne nyingi. Waingereza walipoitwaa nchi hiyo, lugha ya mahakama, ya soko na ya cheo ikawa Kiingereza. Mwaka wa 1831 ulianzishwa mfumo wa shule za kitaifa, na shule hizo zilifundisha kwa Kiingereza, hata katika sehemu ambazo mtoto hakujua neno moja la lugha hiyo. Kisha ikaja njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845, pale ugonjwa ulipoangamiza viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine milioni moja wakahama. Waliokufa na waliohama walikuwa zaidi maskini wa magharibi na kusini, yaani wasemaji wa Kiairishi. Sensa ya 1851, iliyokuwa ya kwanza kuuliza habari za lugha, iliwahesabu wasemaji wa Kiairishi kuwa takriban milioni moja na nusu, chini ya robo ya watu wote.

Waliosalia waliona kwamba lugha yao haikuwapa chakula, na kwamba tiketi ya meli ya kwenda Amerika ilihitaji Kiingereza. Hapo ndipo tunapokutana na chombo kinachoitwa bata scóir. Hicho kilikuwa kijiti kilichoning'inizwa shingoni mwa mtoto. Kila alipozungumza Kiairishi, mkato mmoja ulichongwa juu yake, na mwishowe mtoto alichapwa kwa hesabu ya mikato. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba wazazi nao walishiriki. Walimsaidia mwalimu kuhesabu, wakiamini kuwa wanampenda mtoto wao.

Msomaji wa Kenya haitaji kuelezwa zaidi. Wazee wetu walikivaa kibao kilichoning'inizwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama katika uwanja wa shule. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika habari hiyo katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukombozi wa fikira, akaeleza jinsi mtoto alivyopewa kitu cha kumkabidhi mwenzake atakayenaswa akizungumza Kikuyu, ili kila mtoto awe mpelelezi wa jirani yake. Kati ya Kerry na Kiambu kuna bahari na bara zima, lakini himaya ilikuwa moja.

Kuna kinaya kingine ambacho hakitajwi sana. Miongoni mwa walioleta elimu ya Kiingereza nchini Kenya walikuwamo mapadre na masista wa Kiairishi. Masista wa Loreto walifika mwaka wa 1921, na mapadre wa Mtakatifu Patrick wakaja baadaye, wakafanya kazi hata Turkana. Wengi walifanya kazi ya kusifika na ninaiheshimu. Hata hivyo, ni jambo la kutafakari kwamba Kiingereza tulifundishwa pia na wajukuu wa watu waliochapwa hadi wakakijua.

Turudi Dún Chaoin. Kwa kuwa kijiji hicho na kisiwa chake vilikuwa mbali na barabara kuu, na umaskini wake haukumvutia mfanyabiashara yeyote, Kiairishi kilibaki humo kikiwa kizima. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasomi walianza kumiminika. Mnorwei Carl Marstrander, mtaalamu wa lugha, alifika kisiwani mwaka wa 1907. Mwingereza Robin Flower, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya British Museum mjini London, alifika mwaka wa 1910 na akarudi mara nyingi katika maisha yake. George Thomson, bingwa wa Kigiriki cha kale, alifika mwaka wa 1923, na alikaa na wavuvi hao akiwa na imani kwamba kwa kuwasikiliza ataelewa vizuri zaidi jinsi tenzi za Homer zilivyotungwa.

Wageni hao walichochea jambo ambalo halina mfano mwingi duniani. Kisiwa ambacho hakikuwahi kuwa na watu 200 kilitoa vitabu vitatu vinavyosomwa hadi leo katika lugha nyingi. Tomás Ó Criomhthain alikuwa mvuvi. Shuleni alifundishwa kusoma Kiingereza. Kusoma Kiairishi alijifunza akiwa mtu mzima, siku ambazo bahari ilichafuka akashindwa kuvuka, akakaa katika nyumba moja ya Dún Chaoin akiwasikiliza watoto wa nyumba hiyo wakisoma vitabu vyao. Kitabu chake, An tOileánach, kilitoka mwaka wa 1929. Mwaka wa 1933 kijana Muiris Ó Súilleabháin alitoa Fiche Blian ag Fás, na tafsiri yake ya Kiingereza, iliyotoka mwaka uo huo, ilipata utangulizi kutoka kwa mwandishi mashuhuri E. M. Forster. Mwaka wa 1936 kikatoka kitabu cha Peig Sayers, mwanamke aliyezaliwa Dún Chaoin mwaka wa 1873 na kuolewa kisiwani. Peig hakuweza kuandika lugha yake. Alisimulia, na mwanawe akaandika.

Peig alikuwa bingwa wa fasihi simulizi. Seosamh Ó Dálaigh, mzaliwa wa Dún Chaoin na mwana wa mwalimu wa shule ya kijiji hicho, aliajiriwa na tume ya taifa ya kukusanya fasihi simulizi iliyoundwa mwaka wa 1935, na alinakili kutoka kwa Peig peke yake mamia ya ngano na simulizi. Tume hiyo ilifanya jambo ambalo natamani tungeliiga. Katika miaka ya 1937 na 1938 iliwatuma watoto wa shule zipatazo 5,000 nchini kote kwenda kuwauliza wazee wao habari za kale na kuziandika katika madaftari. Mikusanyo ya tume hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2017 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Mgala muue na haki yake mpe: kwa kazi hiyo serikali ya Ireland inastahili pongezi.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yangu. Ireland ilipata uhuru wa kujitawala mwaka wa 1922. Katiba yake ya 1937 inasema wazi kwamba Kiairishi, kwa kuwa ni lugha ya taifa, ndicho lugha rasmi ya kwanza. Kilifanywa somo la lazima katika shule zote, na hadi mwaka wa 1973 mwanafunzi aliyeanguka Kiairishi alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima wa kumaliza shule ya sekondari. Kitabu cha Peig kikawa cha kusomwa na vizazi kwa vizazi vya wanafunzi kwa ajili ya mtihani. Kwa hiyo kijana wa Dublin, ambaye hajawahi kumsikia jirani yake akikopa chumvi kwa Kiairishi, aliilazimika kukariri maisha ya bibi maskini wa pwani ya Kerry, pamoja na misiba yake yote. Matokeo yake ni kwamba jina la Peig, ambaye waliomjua walisifu ucheshi wake, likawa kwa wanafunzi wengi jina la kuchusha. Nijuavyo mimi, hakuna njia ya haraka zaidi ya kumfanya kijana aichukie lugha kuliko kumtisha nayo.

Je, huko kwenyewe lugha hiyo ilikozungumzwa, serikali ilifanya nini? Vijana walikuwa wakihama mwaka hadi mwaka, wengi kwenda mji wa Springfield katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kazi. Kisiwani hapakuwa na kasisi, wala daktari, wala gati la kufaa. Mwanzoni mwa 1947 kijana mmoja aliugua homa ya uti wa mgongo na akafa huku bahari imechafuka, hakuna awezaye kuvuka kumleta tabibu. Miezi michache baadaye, wakati wa dhoruba nyingine, wakazi walimpelekea simu ya maandishi Waziri Mkuu Éamon de Valera, mtu aliyekipenda Kiairishi kwa dhati, wakimweleza kuwa chakula kimewaishia. De Valera alikwenda kuwatembelea mwaka huo huo. Hata hivyo, uamuzi uliofikiwa hatimaye haukuwa kujenga gati. Tarehe 17 Novemba, 1953, kisiwa kilianza kuhamwa. Watu 22 tu ndio waliokuwa wamebaki, na wengi wao walipewa makao Dún Chaoin.

Sisemi kwamba wangeachwa huko wafe njaa. Wenyewe waliomba kuondolewa, na walikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba katika miaka hiyo hiyo vitabu vya kisiwa hicho vilikuwa vikitukuzwa kama nguzo ya utaifa. Fedha za kuvichapisha na kuvifundisha zilipatikana; za kuwalinda wenye lugha zilichelewa hadi wenye lugha walipokata tamaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi kijiji cha Dún Chaoin kikabaki peke yake, na zamu yake haikuchelewa. Mwaka wa 1969 mwongozaji mashuhuri wa filamu, David Lean, alifika na watu wake na kujenga juu ya mlima kijiji kizima cha bandia kwa ajili ya filamu ya Ryan's Daughter. Katika filamu hiyo mhusika mmoja mkuu ni mwalimu wa shule ya kijijini, na kwa ajili yake lilijengwa jengo la shule karibu na bahari. Fedha za filamu ziliwapa wenyeji kazi kwa muda. Filamu hiyo, ambayo ni ya Kiingereza, ilitolewa mwaka wa 1970. Mwaka huo huo wa 1970 wizara ya elimu iliifunga shule ya kweli ya Dún Chaoin kwa sababu ya uchache wa wanafunzi, ikaamuru watoto wapelekwe shule ya Baile an Fheirtéaraigh.

Hapo wanakijiji walikataa. Waliielewa hesabu ya wizara, lakini walijua pia jambo ambalo wizara haikulijua: kwamba kijiji kisicho na shule hakimpi mwanamume na mwanamke wenye watoto sababu ya kubaki. Waliendelea kuifungua shule yao bila idhini, wakiwatumia walimu wa kujitolea. Waliandamana hadi Dublin. Wakereketwa wa lugha kutoka kila pembe ya nchi waliwaunga mkono. Uchaguzi ulipofanyika mwaka wa 1973 na serikali ikabadilika, waziri mpya wa elimu aliirudisha shule rasmi. Miaka mitatu ya ukaidi wa wazazi wachache ilifanya kile ambacho ibara ya katiba haikuweza kufanya.

Napenda wanafunzi wangu wa kozi ya lugha na jamii wakizingatie kisa hicho kuliko vitabu vyote vitatu nilivyovitaja. Nikiwauliza lugha huhifadhiwa vipi, karibu wote hujibu kwa pupa: kwa kamusi, kwa sarufi, kwa kurekodi wazee. Majibu hayo si mabaya, nami mwenyewe hula mkate wangu kwa kazi hizo. Lakini kamusi haizai watoto. Lugha hurithishwa jikoni na uwanjani, na mwenye kuirithisha ni mtu aliye na sababu ya kuishi pale alipo.

Leo hii Dún Chaoin kina kituo kizuri cha makumbusho kilichofunguliwa mwaka wa 1993, kinachoonyesha maisha na fasihi ya kisiwa. Ukikitazama kutoka humo kisiwa chenyewe, unaona magofu ya nyumba za waandishi. Serikali inamiliki sehemu kubwa ya kisiwa na kukitunza kama urithi. Watalii huvuka kwa mashua wakati wa kiangazi. Ilipotangazwa mwaka wa 2020 nafasi ya watu wawili kukaa huko miezi michache kuwahudumia wageni, maombi yalifika kwa maelfu na maelfu kutoka kila pembe ya dunia. Ama kweli, kufa kufaana. Kisiwa ambacho wenyewe walikihama kwa kukosa tabibu na gati kimekuwa ndoto ya watu wa mijini waliochoka na kelele.

Wapo watakaonipinga hapa. Watasema utalii umeleta riziki, na kwamba bila makumbusho hayo hata kumbukumbu ingepotea. Hoja hiyo ina uzito, nami siikatai. Lakini kuna utalii na utalii. Kila kiangazi maelfu ya vijana wa Kiairishi hupelekwa katika maeneo ambako lugha hiyo bado inazungumzwa, yaani Gaeltacht, wakakaa katika nyumba za wenyeji kwa majuma kadhaa ili wajifunze kuizungumza. Mama mwenye nyumba hulipwa, na serikali humchangia, kwa sharti kwamba nyumba yake ni nyumba ya Kiairishi. Hapo lugha ndiyo inayoleta mkate mezani. Linganisha na mgeni mwenye pesa anayenunua nyumba ya likizo ufukweni, akaitumia wiki chache kwa mwaka na kuifunga zilizosalia. Huyu naye ni mtalii, lakini ameipandisha bei ya nyumba hadi kijana wa kijiji hawezi kuifikia. Katika maeneo ya Gaeltacht ya pwani malalamiko ya vijana kukosa mahali pa kuishi yamekuwa makubwa, na wanaharakati wameyaweka mbele ya madai mengine yote ya lugha. Wameona mbali.

Takwimu zinathibitisha hofu yao. Sensa ya 2022 nchini Ireland ilionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.87 walisema wanakijua Kiairishi, yaani wanne katika kila kumi. Hiyo ni idadi ya kujivunia. Lakini walioulizwa kama wanakitumia kila siku nje ya shule na kujibu ndiyo walikuwa chini ya 72,000 tu, na idadi hiyo imepungua kutoka ile ya 2016. Utafiti mkubwa wa kiisimu uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionya kwamba hata katika maeneo yale yenye nguvu zaidi, Kiairishi kingeweza kukoma kuwa lugha ya kawaida ya jamii katika muda wa miaka 15 hadi 20. Miaka hiyo ndiyo hii tuliyo nayo. Na haya yanatokea katika nchi yenye redio ya Kiairishi tangu 1972, televisheni ya Kiairishi tangu 1996, na lugha ambayo ni rasmi katika Umoja wa Ulaya tangu 2007. Ikiwa lugha yenye ngao zote hizo inatetereka, zetu zisizo na hata moja zitakuwaje?

Na sasa nimefika nyumbani, kama nilivyoahidi. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kisha inaiwajibisha serikali kukuza na kulinda lugha za kiasili. Ni maneno mazuri, kama yalivyo mazuri ya katiba ya Ireland. Lakini hebu tuwatazame Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi katika ukingo wa Ziwa Turkana. Lugha yao ya asili, ya jamii ya Kikushi, ilizimika katika karne ya 20, na Kisamburu kikachukua nafasi yake. Watalii bado huenda kuwatazama na kuwapiga picha. Hakuna aliyepiga marufuku lugha yao. Walikuwa wachache, walikuwa maskini, na ili waishi iliwalazimu kuzungumza lugha ya jirani mwenye mifugo.

Kwa Kiswahili mambo ni tofauti, kwa kuwa kina mamilioni ya wasemaji na hakiko hatarini. Hata hivyo, tabia ya kukisifu kwa maneno na kukinyima kwa vitendo tunayo tele. Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai ya kila mwaka, utasikia hotuba tamu. Siku inayofuata, mwananchi anayekwenda ofisini hukabidhiwa fomu ya Kiingereza aijaze. Na kama hali ya Kiswahili ndiyo hiyo, hali ya lugha ndogo zinazozungumzwa na jamii za misituni na ziwani haina haja ya kusimuliwa.

Ninapendekeza, kwa hiyo, kwamba wizara zinazohusika na utamaduni na elimu zibadili mpangilio wa kazi. Kabla ya kugharimia tamasha au makumbusho ya lugha yoyote iliyo hatarini, kwanza zipeleke watu katika kijiji inakozungumzwa wakaulize maswali matatu. Shule iko umbali gani, na je, mwalimu wake anaijua lugha ya watoto? Mtu akiugua usiku, atafikaje kwa daktari, na daktari huyo atamwelewa? Kijana akioa leo, atajenga wapi, na atafanya kazi gani bila kuhama? Majibu yakiwa ya kuridhisha, tamasha lifanyike na ngoma zipigwe, nami nitakuwa wa kwanza kuhudhuria. Yakiwa mabaya, fedha za tamasha ziende kwenye barabara na darasa, hata kama hakuna kamera ya kulipiga picha darasa hilo.

Na kwa wazazi wa vijiji hivyo, ambao mara nyingi huambiwa kwamba shule yao ni ndogo mno kustahili mwalimu, nawaomba wasikubali upesi. Shule ya Dún Chaoin ilifungwa kwa hesabu hiyo hiyo, na wazazi wake waliishikilia miaka mitatu mpaka ikafunguliwa.